Dakika Tatu za Ushuhuda

Vidonge vilikuwa hamsini na sita. Bibi Mhoja alivimwaga kwenye ungo uani, akavihesabu, kisha akavihesabu tena. Vya chini vilikuwa vimeshikana kwa mate na rangi imebanduka. Vya juu vilikuwa bado vizima. Alivikuta Alhamisi asubuhi kwenye kopo la poda, chini ya godoro la mjukuu wake, alipokuwa akilitoa kulianika.

Hapo ndipo alipoyaelewa maneno ya Daktari Odoyo. Jumatatu, hospitali mjini Mwanza, siku Precious aliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari aliweka majibu ya damu mezani na kusema, "Bibi, huyu mtoto hamezi dawa."

Bibi Mhoja aliapa. Alisema anampa kwa mkono wake mwenyewe, kila jioni saa moja, na anasimama pale mpaka maji yaishe kwenye kikombe.

"Sibishani na wewe, bibi yangu. Nasoma karatasi tu," daktari alisema. "Mwenye ugonjwa wa selimundu akimeza dawa hii sawasawa, chembe zake nyekundu za damu zinanenepa. Za Precious zilishaanza kunenepa. Sasa zimerudi nyembamba kama kabla hajaanza." Kisha akaongeza, kwa sauti ileile: "Amelala hapa siku kumi na moja kwa oksijeni. Kifua kikimbana tena vile, siwezi kukuahidi kwamba atatoka."

Precious alikuwa na miaka kumi na mbili. Mama yake alifariki yeye akiwa na minne. Baba alioa mke mwingine huko Magu na hakuulizia tena. Bibi Mhoja alimlea hapa Usagara, akamfundisha kusoma kwa kutumia Biblia kabla hajaanza darasa la kwanza. Kanisani alimfundisha pia, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kwa miaka kumi na tisa. Hakuna jambo Precious alilolijua kuhusu Mungu ambalo halikupitia kinywani mwa bibi yake.

Aliuingiza ungo ndani na kuuweka mbele ya mtoto.

"Umeviona," Precious alisema. Hakuonekana kuogopa. "Nilikuwa nitakuambia nikishapona. Nilitaka iwe ushuhuda."

"Ushuhuda gani? Umekaribia kufa!"

"Mguu wako nao ulizidi kwanza, Bibi. Ndipo ukapona." Alisimama, akashika kiuno, akaburuta mguu wa kulia kama afanyavyo Bibi Mhoja akiwa mbele ya kanisa. "'Daktari akasema mguu ukatwe. Nikaziacha dawa zake kitandani. Nikasema, Bwana, ni mimi na wewe. Siku ya tatu nikatembea!'" Alikuwa amelishika kila neno, mpaka mahali pa kunyanyua mkono.

Bibi Mhoja alikaa chini.

"Precious. Mimi nilichomwa sindano. Nilipasuliwa."

Mtoto alimtazama, kisha akatabasamu kwa huruma.

"Hujawahi kusema hivyo hata siku moja."

"Nasema sasa."

"Petro naye alimwambia Yesu asiende msalabani. Na alikuwa anampenda. Ulitufundisha wewe, Bibi. Ulisema jaribu kubwa linakuja kwa mdomo wa mtu unayempenda."

Alikuwa amefundisha hivyo, mara nyingi, na kuwapa pipi waliokumbuka.

Ukweli wa mguu ule ulikuwa hivi. Mwaka 2001 mfupa wa kuanzia goti kushuka chini ulioza na kutunga usaha. Mhoja alilazwa wiki tisa. Alipasuliwa mara mbili, mfupa ukakwanguliwa, na akachomwa sindano asubuhi na jioni kwa muda wote aliokuwa wodini. Daktari mmoja alisema wakishindwa, watakata. Watu wa kanisa walikuja, wakafunga siku tatu, wakamwombea. Yote hayo yalitokea, na mara ya kwanza aliposimama kushuhudia aliyasema yote, hata jina la muuguzi, kwa karibu nusu saa.

Kisha ikawekwa sheria ya dakika tatu. Ilitokana na Mzee Yeremia, aliyetumia dakika arobaini na tano kumshukuru Mungu kwa ng'ombe aliyepotea na kuonekana Misungwi. Tangu siku hiyo, aliyepitiliza dakika tatu alianzishiwa pambio na kwaya, ngoma zikapigwa, naye akakaa. Mhoja ilimbidi apunguze. Upasuaji ulitoka kwanza, kwa sababu kuueleza kulichukua muda. Mwaka uliofuata zikatoka sindano. Wiki tisa zikawa siku nyingi. Siku tatu za mfungo zikawa siku tatu za kupona. Kila alipopunguza, Ameni iliongezeka. Hakuna siku aliyokaa akaamua kusema uongo. Alikuwa anatunza muda.

Jioni hiyo Precious alifumba midomo. Ijumaa Bibi Mhoja alikificha kidonge ndani ya tonge la ugali. Mtoto alikihisi kwa ulimi, akakitema, na tangu hapo hakula chakula chochote kilichoshikwa na mkono wa bibi yake. Alikula ndizi alizomenya mwenyewe. Alipoulizwa afanyiwe nini ili aamini, alifikiri kidogo, bila kiburi chochote, akasema, "Ushuhuda wa kwanza uliusema kanisani, mbele za Mungu. Kama huu nao ni kweli, kaseme kanisani."

Jumamosi asubuhi Bibi Mhoja alikwenda kwa Mchungaji Josephat. Alimkuta anatengeneza spika.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba, baba. Kesho naomba nafasi ya kushuhudia. Nataka kuurekebisha ushuhuda wa mguu."

Alimweleza yote, hata idadi ya vidonge. Mchungaji aliiweka bisibisi chini. Alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyekodi gari la kumpeleka Precious hospitali usiku ule alipoishiwa pumzi.

"Mama, vijana wa Misungwi wanakuja kwenye semina mwezi ujao kwa ajili ya ushuhuda huohuo. Wapo watu humu waliookoka kwa huo mguu. Sema tu kwamba Mungu aliwatumia na madaktari. Hilo si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi linatosha."

"Halimtoshi yeye. Anasikia kila neno, na anasikia hata lililorukwa."

"Mlete nimwambie mimi ameze."

"Atasema nimekutuma."

Mchungaji alisugua uso kwa viganja. "Dakika tatu," alisema mwishowe. "Kama wengine. Siwezi kukupendelea."

Usiku wa kuamkia Jumapili Precious aliumwa mgongo na magoti. Asubuhi macho yake yalikuwa na rangi ya manjano. Bibi Mhoja alitaka kumpeleka hospitali moja kwa moja. Mtoto alisema atakwenda popote, ila kanisani kwanza. Alitembea akisimama kila baada ya nyumba tatu au nne, akishika ukuta.

Zamu ilipofika, Bibi Mhoja alishika maiki.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameni!"

"Ninyi mnaujua mguu wangu."

"Tunaujua!" Walicheka kwa furaha. Wengine walikwisha kunyanyua mikono.

"Daktari alisema utakatwa."

"Nikaziacha dawa zake kitandani!" kanisa likamalizia kwa pamoja.

"Hapana," alisema. "Sikuziacha. Nilizitumia zote."

"Mwalimu leo kaanzia mkiani!" Mzee Yeremia alisema kwa sauti, na watu wakacheka tena. Walidhani ni namna mpya ya kunogesha. Bibi Mhoja akaendelea: wiki tisa, kisu mara mbili, mfupa kukwanguliwa. Kicheko kilikatika upande mmoja, kisha upande wa pili. Akina mama waliokuwa wamenyanyua mikono waliishusha polepole. Mchungaji Josephat aliitazama Biblia yake. Sasa alikuwa amefika kwenye sindano, na alitaka kusema kwamba miaka yote hii aliujua ukweli huo, lakini hapo dakika tatu zikatimia kwenye saa ya ukutani, na Gladness, kiongozi wa kwaya, akaanzisha pambio. Pengine alikuwa anamwonea huruma. Ngoma zikaingia. Watu walisimama kwa haraka ya watu waliookolewa, wakapiga makofi, na maiki ikazimwa.

Bibi Mhoja hakukaa. Alishuka mpaka kwenye mabenchi ya watoto, akamshika Precious mabega, akainama kwenye sikio lake.

"Sindano mia moja ishirini na sita!" alipiga kelele juu ya ngoma. "Nililala kitanda namba kumi na nne! Nilidanganya! Mimi nilidanganya, si shetani!"

Precious hakumtazama yeye. Aliwatazama watu. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wakiimba wakiangalia dari, au sakafu, au ukuta wa nyuma, na hakuna aliyegeuza macho kuelekea benchi la watoto. Aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa, akaweka mikono mapajani, na hakupiga makofi.

Hospitali Precious aliwekewa dripu ya maji na dawa ya maumivu mchana, na kwa kuwa kifua kilikuwa safi waliruhusiwa. Muuguzi alisema kama alivyosema daktari: dawa ya kila siku, au warudi kwa oksijeni. Walifika nyumbani Usagara kabla ya saa moja.

Saa moja Bibi Mhoja alileta kikombe cha maji na kidonge. Precious alikipokea kwenye kiganja. Hakukipeleka mdomoni.

"Kwa hiyo ulidanganya kweli."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanafurahi," Bibi Mhoja alisema. Akajilazimisha kuongeza: "Na mimi nilikuwa nafurahi."

Mtoto alikigeuza kidonge kwa kidole.

"Na mama je?"

Kwa miaka minane Bibi Mhoja alikuwa amemwambia kwamba mama yake alikufa akiimba. Kwamba alishika mkono wa Bibi, akasema anawaona malaika, akasema, mwambieni Precious tutaonana. Mtoto alilala na maneno hayo tangu hajajua kuvaa viatu. Alikuwa akiyaomba, kama wengine wanavyoomba hadithi.

Bibi Mhoja alikitazama kile kiganja. Angeweza kusema ndiyo, aliimba. Lilikuwa neno dogo, na hakukuwa na mtu duniani wa kulikanusha. Lakini alikuwa ameyaona macho ya mtoto huyu kanisani, jinsi yalivyopita kwenye nyuso zile. Akisikia ufa hata mdogo, kidonge kitarudi kwenye kopo.

"Sikuwepo," alisema. "Walimwingiza chumba cha upasuaji, wakafunga mlango. Nilikaa nje kwenye benchi. Walipofungua alikuwa ameshafunikwa."

"Hakukushika mkono."

"Hapana."

"Na kuimba?"

"Sijui, mjukuu wangu. Nilikuwa nje. Sikusikia kitu."

Precious alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya hesabu. Akaweka kidonge mdomoni, akanywa maji yote. Akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, akageukia taa ili bibi yake aone vizuri. Bibi Mhoja aliinama akaangalia. Hapakuwa na kitu.

"Ahsante," alisema. Akapiga magoti kando ya kitanda, kama ilivyokuwa kila jioni. "Haya, tuombe."

"Omba wewe," Precious alisema. Alijilaza kwa uangalifu kwa sababu ya mgongo, akageukia ukutani. "Mimi nasikiliza."

"Baba yetu," Bibi Mhoja alianza, na akaishia hapo. Chini ya shuka mtoto alikuwa amebana pumzi ili asikose neno. Bibi alitafuta neno la kufuata. Yalikuja mengi, yote aliyoyasema miaka kumi na tisa, yote ameyazoea, na kila lililokuja alijiuliza angejibu nini kama angeulizwa amelijuaje.

Saa moja na dakika arobaini alikuwa bado amepiga magoti, hajaongeza neno, na Precious alikuwa bado macho.