Samaki wa Upande wa Kushoto

Mama alikula nusu ya wali, ile nusu ya kulia, kisha akaisukuma sahani na kulalamika kwamba anauawa kwa njaa na mtoto wa kumzaa mwenyewe. Nusu ya kushoto ilibaki nzima, kana kwamba mtu amepitisha kisu katikati. Binti yake aliizungusha sahani, wali uliobaki ukaja kulia, na mama akaumaliza bila kuuliza umetoka wapi.

Ndivyo kiharusi kilivyomwacha. Ulimi ulikuwa mzima na makali yake yote. Mkono na mguu wa kushoto ndivyo vilivyolala. Lakini kilichomtisha binti si huo mkono. Kwa mama, upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umefutwa: dirisha lilikuwa huko hakuliona, kiti cha binti kilikuwa huko hakukiona. Mtaalamu wa viungo, aliyekuja mara mbili kwa wiki, alieleza kwamba macho hayana kasoro. Ubongo ndio uliosahau kutazama huko.

"Mwekee kitu kinachotembea," alishauri. "Kitu cha kumvuta. Siku atakapogeuza shingo mwenyewe, tutakuwa tumepiga hatua."

Binti alikuwa ametunza maabara ya shule kwa miaka kumi na tisa. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Matone, kwa jinsi alivyohesabu kila tone la dawa kama anayegawa urithi. Aliiacha kazi hiyo mama alipoanguka, maana mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba, alikuwa na kazi isiyoachika, mke asiyesumbuliwa na nyumba yenye ngazi nyingi. Hakuna kikao kilichokaliwa. Jambo lilijiamua lenyewe, kama maji yanavyoijua njia ya bondeni.

Alinunua tangi la kioo la lita sitini, akaliweka kushoto mwa kitanda, akalijaza maji na kwenda kutafuta samaki.

Muuza samaki wa mapambo alikuwa mtu mnene, vidole vimekunjamana kwa kushinda majini. "Nataka wa kupendeza," Bi Matone alimwambia.

"Wote hapa wanapendeza, dada yangu. Hata wauaji. Tangi lako lina maji tangu lini?"

"Tangu jana."

"Basi leo sikuuzii kitu. Washa pampu, washa kipasha joto, panda majani, usubiri mwezi. Maji nayo huiva." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Na utakaporudi usichague kwa rangi. Chagua kwa kinywa. Samaki akimtazama mwenzake hujiuliza swali moja tu: huyu ataingia? Akiona ataingia, undugu umekwisha hapo."

Bi Matone alimpenda kwa hilo. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwambie ukweli bila kutaka kitu kwake.

Akasubiri wiki tano. Kila asubuhi alichota maji kidogo kwenye kichupa, akadondosha matone yake ya dawa ya kupimia, akatazama rangi. Jirani alipokuja kumjulia hali mgonjwa alicheka hadi akashika mbavu. "Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga maji?" Bi Matone alicheka naye, lakini usiku na mchana alikuwa akijaza daftari: nani anapenda vuguvugu, nani anakaa chini, nani hawezi kuishi peke yake. Mwishowe aliwachagua wanane wadogo kama kucha, wenye mstari wa buluu unaowaka ubavuni, ambao lazima wawe kundi; na kambale vibete wanne, watu wa chini, wasio na ugomvi na mtu, kazi yao kufagia changarawe kwa masharubu.

Waliishi kwa amani. Kwa mama, walikuwa upande ambao haupo.

Siku ya kumi, alasiri, Bi Matone alikuwa akikunja shuka aliposikia mto ukichakarika. Shingo ya mama ilikuwa inageuka. Iligeuka polepole, kama bawaba yenye kutu, ikavuka katikati, ikaenda kushoto. Na macho yale yakatua juu ya tangi na kutulia hapo. Yalitulia kwa muda wa pumzi tatu. Binti alisimama na shuka mikononi, akiogopa hata kuikunjua. Kisha alikwenda jikoni, akafungua bomba ili lipige kelele, akalia.

Hakumwambia mtu ila mtaalamu wa viungo. Hakutaka kumwambia mdogo wake. Lilikuwa lake, jambo hilo, na hakuwa na mengi yaliyo yake.

Mdogo mtu alikuja Jumapili. Jirani, kila anapoliona gari lake, husema "mgeni njoo, mwenyeji apone," na Bi Matone hujiuliza ni mwenyeji gani anayezungumziwa. Mama alizisikia hatua tangu mlangoni. "Baba!" aliita, sauti imejaa. Ndivyo alivyomwita mwanawe huyo tangu utotoni: baba, baba yangu. Binti aliitwa kwa kile kilichotakiwa wakati huo. Maji! Mto! We, dirisha!

Mkononi mwa mdogo mtu kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake samaki mmoja, bapa kama sahani, mapezi yake marefu yakipepea kama hariri. Alikuwa mzuri, Bi Matone hakuweza kulikana hilo.

"Usimmimine hivyo, ngoja mfuko uelee kwanza, azoee joto la maji. Na huyu akikua hawezi kukaa na—"

"Dada nawe! Samaki na samaki watashindwana nini?"

Akammimina na maji yake yote. Mama akageuka. Aligeuka shingo na bega, bila kutu wala bawaba, akatazama kushoto kana kwamba kushoto kulikuwepo siku zote.

"Baba, umeniletea ua linaloogelea," alisema, na uso wake, ambao kwa miezi saba ulikuwa umefungwa kama duka la marehemu, ukafunguka.

Mdogo mtu alikaa dakika arobaini. Ua lilibaki.

Likakua. Wiki zilivyosonga, wanane wakawa saba; saba wakawa watano. Hapakuwa na mizoga. Asubuhi mmoja alikuwa hayupo, basi, na lile bapa likielea katikati ya maji kwa heshima zake zote. Waliobaki walijibanza nyuma ya pampu na mstari wao ukafifia. Mama aliwaonyesha wageni: "Mwanangu kaniletea." Wahenga waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakuwahi kuingia nyumba ile.

Walipobaki watatu Bi Matone alipiga simu.

"Dada, ni samaki tu," mdogo wake alisema. "Mama anafurahi, wewe unahesabu. Siku zote wewe unahesabu."

Alikumbuka vidonge vya asubuhi na vya jioni, saa za kumgeuza mama asipate vidonda, mashuka. Kweli alikuwa akihesabu. Asingehesabu yeye, nani?

Jumatano asubuhi alichukua kiwavu cha kuvulia samaki. Mama alikuwa amesinzia. Aliuzamisha mkono taratibu, akalizungukia lile bapa, akalibana pembeni.

"Unafanya nini?" Mama alikuwa macho.

"Namtoa, mama. Anawamaliza wenzake."

"Mwache."

"Mama, wale wadogo ndio waliokugeuza shingo mara ya kwanza. Umesahau? Alasiri ile, nilikuwa nakunja shuka..."

"Wale?" Mama alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kipaji cha uso kimekunjamana, bila chembe ya ubaya. Na hilo ndilo lililouma. "Mimi wale hata sikuwa nawaona. Siku ile nilisikia gari. Nilidhani baba amekuja."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kiwavu hadi sakafuni. Bi Matone aliyasikia yakidondoka na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuyahesabu.

Aliliachia lile bapa. Akaleta mtungi wa kioo, akavua watatu waliobaki, akavua na kambale wanne, akafunika. Kisha alimwogesha mama, akambadilisha shuka, akampa vidonge vyake, akamgeuzia ubavu wa kulia. Aliyafanya yote kwa mikono ile ile laini ya siku zote, kwa kuwa mikono haikuwa na kosa. Alimwita jirani, akamwomba akae. Akiwa mlangoni alimpigia mdogo wake simu.

"Jirani yuko na mama mpaka saa sita. Baada ya saa sita ni zamu yako."

"Zamu? Zamu gani? Dada, mimi nina kikao. Unakwenda wapi?"

"Dukani."

"Utarudi saa ngapi?"

Akakata. Hakuwa amelifikiria.

Muuza samaki aliuinua mtungi kwenye mwanga. "Hawa ni wangu," alisema. "Walikuwa wanane."

"Walikuwa."

Muuzaji aliyafahamu majibu ya aina hiyo. "Watatu si kundi. Ukiwaacha hivi watajificha mpaka wafe, hata asipowala mtu. Nikuongezee watano?"

"Hapana. Warudishe kwa wenzao. Na hawa wa chini pia."

Muuzaji alitaka kumrudishia thamani yao, Bi Matone akatikisa kichwa. Waliuacha mtungi uelee kwanza ndani ya tangi kubwa, kama inavyotakiwa. Baada ya robo saa muuzaji aliuinamisha. Kambale wakashuka chini wakaanza kufagia. Wale watatu walisita mdomoni mwa mtungi, wakatoka, na kundi la mia moja na kitu likapinda mara moja, buluu tupu, likawameza bila kumla mtu.

Bi Matone aliinama, pua karibu na kioo, akajaribu kuwatambua walio wake. Aliwafuata wawili kwa macho hadi kwenye majani. Hawakuwa wao. Au walikuwa wao.

"Simu yako inaita," muuzaji alisema.

"Naisikia."

Iliita mpaka ikachoka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa saba. Simu ikaanza tena, ikitetema ndani ya mkoba kama kitu kilichonaswa, na Bi Matone akaiacha, akageuka kumtazama muuzaji.

"Una kiti?" alimuuliza.