Jua la Saa Sita ni la Makori

Mwaka wa 1973, nyumbani kwa Makori karibu na Kebirigo, kila mtu alikuwa ameuona wekundu uliotanda usoni mwa Gesare, isipokuwa Makori mwenyewe. Gesare alikuwa mke wa mwanawe, na Mgusii mwenye heshima zake hamtazami mke wa mwanawe usoni. Na Makori, jamani, alikuwa na heshima kupita kiasi. Alichokiona yeye ni kikapu cha majani chai kilichorudi nusu, na mwanamke aliyejifungia jikoni jua likipanda. Akaapa kumrudisha kwao.

"Yule ni mgonjwa," mkewe Mong'ina alimwambia.

"Ugonjwa wake ni kazi."

Kisha Gesare akaanguka katikati ya michai. Mumewe alikuwa kazini Nairobi, kwa hiyo wazee wawili ndio waliompeleka hospitali mjini Kisii. Daktari Yashwant akampima damu, kisha akamwita Makori kwenye hadubini.

"Unaona seli hiyo kubwa, Mzee? Hiyo ni askari wa damu. Imemeza kiini cha seli nyingine ya mwili huohuo. Huu ugonjwa ni lupasi. Askari wanampiga mwenye nyumba, na jua linawachochea."

Makori alichungulia mpaka jicho likatoa machozi. Askari anayewageukia watu wa nyumbani mwake. Aibu ilimshika, maana askari wa namna hiyo alimfahamu vizuri.

"Atapona?"

"Kumaliza kabisa, siwezi kuahidi. Kuwatuliza tutajaribu. Ameze dawa kila siku, na asichume chai juani."

Tangu hapo Gesare alichuma alfajiri tu. Jua likikaza, Makori alijifunga kikapu mgongoni akaingia shambani. Kwenye kituo cha kuuzia chai wanaume walimcheka, wakamwuliza ameolewa lini. Alipima majani yake akaenda zake.

Baada ya miezi kadhaa daktari alitafuta tena katika damu ya Gesare wale askari wanaomeza wenzao, asiwaone. Mong'ina alirudi na habari hizo akitabasamu, Gesare nyuma yake.

Makori akaugeuza uso upande wa michai, kama desturi inavyotaka.

"Mwambie kikapu ni chake," alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Lakini jua la saa sita ni langu."

Gesare akacheka. Makori hakuwahi kumsikia akicheka. Alibaki vilevile, uso pembeni, akisikiliza.