Vijana wa Besiboli wa Pius

Ukiambiwa kwamba Mkamba mzima wa Kitui, mlinzi wa jengo kule Satwa, Uarabuni, anakusanya picha za kale za Wamarekani wa besiboli, utacheka. Cheka tu, Pius alishazoea. Mchezo wenyewe hakuwahi kuucheza, na nusu ya kanuni zake hazimwingii akilini mpaka leo. Alichopenda ni zile sura: nyota wakubwa wakiwa bado vijana wembamba, suruali zinawapwaya, hawajui kama watakuja kuvuma.

Aliyechoka ni mkewe, Martina. "Baba Mwende, hawa wazungu ni wa ukoo gani?" humuuliza kila Pius anapovuta boksi la picha kutoka chini ya kitanda.

Safari hii kulikuwa na jambo. Bwana Ghanim, mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho ya picha mtaani Al Rigga, alisoma Marekani akarudi na wazimu huo huo wa besiboli. Alimtaka Pius amletee picha yake ya nyota Lenny Kovach alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kucheza. Akiridhika kwamba ilisafishwa enzi zile zile, si nakala ya juzi, angetundika mkusanyo mzima ukutani, na jina la Pius chini yake. Jina la Pius, jamani! Wiki nzima alitembea kichwa juu.

Siku ya kwenda, aliikuta picha mezani inameta.

"Nimekupigia laminesheni," Martina alisema, tabasamu hadi masikioni. "Nilipeleka pale kwenye duka la kuchapa barua. Huwezi kumpelekea mtu mkubwa kitu kiko uchi hivyo."

Kwao ndivyo kitu cha thamani kinavyotunzwa. Cheti cha ubatizo, cha darasa la nane, picha ya marehemu baba, vyote huvishwa plastiki ya moto. Ila plastiki ile ikishashika haibanduki, labda itoke na sura ya mtu. Pius alitaka kupiga kelele jengo zima limsikie. Lakini miaka yote hiyo, hii ndiyo mara ya kwanza Martina kuzifanyia picha zake kitu chochote zaidi ya kununa.

"Asante, Mama Mwende," akasema, meno yameumana. "Imependeza kweli."

Mwoga mkubwa wee!

Bwana Ghanim aliigeuza picha, akaigonga kwa ukucha. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, sir."

"Wallahi, umeiua. Mimi naijua picha kwa kuigusa karatasi yake. Hapa niguse nini? Khalas, hii imekwisha."

Pius alisimama pale kama mwizi aliyekamatwa. Alimkasirikia Martina, akaikasirikia mashine ya watu, na zaidi akajikasirikia mwenyewe. Ghanim akamwonea huruma.

"Zile nyingine hazijaguswa?"

"Hazijaguswa, sir. Ziko ndani ya boksi."

"Basi zilete leo, kabla sijafunga. Zikiwa safi, ukuta ni wako. Yalla, kimbia!"

Pius alitoka mbio, karibu agongwe na teksi. Ndani ya basi aliapa kwamba leo angemweleza mkewe ukweli, taratibu, bila kumuumiza. Akafika, akasukuma mlango.

Boksi lilikuwa tupu sakafuni. Kitanda kizima kilimeta.

"Umewahi!" Martina alisema. "Nimezimaliza zote. Nilivyokuona umeifurahia ile ya kwanza, nikasema kwa nini hizi ziteseke? Mpaka wa duka kashangaa." Akachagua moja, akaipangusa kwa kanga. "Na unajua, nimeanza kuwapenda. Huyu mwenye masikio makubwa ndiye wangu. Alisemaje yule Mwarabu?"

Pius aliketi ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumweleza, machozi yakamtangulia.

Martina akadhani ni furaha. Akamkumbatia kwa nguvu, jinsi ambavyo hajamkumbatia kwa miaka.