Mkwe Aonja Mafuta ya Mwani

Injini ya jenereta ya gereji Shangazi aliipa jina la Mkwe, kwa sababu haikutaka utani. Hakuna aliyeigusa bila ruhusa yake. Leo binti wa kaka yake, mkemia mwenye kichwa kigumu, alisimama mbele ya Shangazi na dumu la mafuta aliyoyakamua kutoka kwenye mwani wa mapipa yake ya uani. Alikuwa ameshayachanganya na dizeli na kutia dawa ya kuyasaidia kuwaka upesi. Furaha na hofu vilimpanda kwa pamoja.

“Mkwe akizima,” Shangazi alisema, “leo leo unamwaga hilo shombo lako, na uani naongeza vyuma vyangu.”

“Na akinguruma?”

“Kwanza angurume.”

Akanguruma! Moshi mweusi wa kila siku ukawa mwembamba, hauonekani vizuri. Binti akapiga kigelegele, mafundi wakaacha kazi. Shangazi akagusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza. Tabasamu likaanza kumjia bila kutaka. Dakika ya ishirini, Mkwe akakohoa mara mbili, akazima.

Fundi mmoja, mwepesi wa kutumwa hata asipotumwa, akaenda uani kuinamisha pipa la kwanza la mwani alimwage. Miaka miwili ya kazi!

“Weka chini!” binti alifoka. “Shangazi, fungua filta kwanza.”

“Filta mpya. Nimeifunga jana kwa mkono wangu.”

“Ifungue tu. Ikiwa safi, mapipa nitayamwaga mwenyewe.”

Shangazi akaifungua huku akisonya. Ndani kulijaa tope jeusi, zito. Binti akaruka juu.

“Mafuta yangu yameng'oa uchafu wote ulioganda kwenye tangi, ukaja kuziba hapa! Hayajamuua Mkwe, Shangazi, yamemwogesha! Tangi uliliosha lini?”

Mafundi wakatazama dari. Kila wiki Shangazi aliwahubiria usafi wa matangi. Kweli mganga hajigangi.

“Usiniulize mambo ya kale,” Shangazi alisema, kisha kicheko kikamshinda.

Wakaliosha tangi, wakafunga filta nyingine, wakamimina mafuta yaleyale. Mkwe akawaka mara moja, akanguruma kwa saa tatu bila kukohoa. Binti alikuwa bado anacheza mbele ya bomba la moshi alipomsikia Shangazi akipiga kelele uani.

“Nyie, njooni tuondoe vyuma vyangu! Mtoto ataweka wapi mapipa mengine?”

Alikuwa ameshainua kipande cha kwanza.