Bomba la Zombe Lilivyonyamazishwa

Jumanne asubuhi Kasiva alifungua bomba la sokoni Zombe, akatega mtungi. Kwanza ulitoka upepo, kama kawaida. Halafu bomba likakohoa, likasema kwa sauti ya Mutunga, mkurugenzi wa shirika la maji: "Gari la maji la Zombe lipelekwe shambani kwangu Kwa Vonza. Matikiti yananyauka."

Kasiva aliacha mtungi ujae sauti hiyo, akaufunga vizuri, akaubeba nyumbani. Akampigia simu bintiye Mbinya, fundi wa kompyuta wa shirika hilo hilo, na kumfungulia mtungi karibu na simu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mwaitu," Mbinya akamjibu mama yake.

Mbinya alijua ni nini. Ujumbe wote wa shirika hupita kwenye mtambo ulioko Kitui mjini, ambao huugawa kwa seva tatu isije moja ikalemewa. Mtambo huo ndio hubeba cheti cha SSL, kinachoufunga ujumbe usisikiwe njiani. Cheti kilikuwa kimeisha muda. Alikuwa ameomba kipya mapema, ombi likalala mezani kwa mtu. Sasa siri zilitafuta pa kupitia, na mabomba ya Zombe yalikuwa na nafasi tele.

Zombe walipanga foleni kusikiliza. Wengine walilalamika kwamba mkurugenzi anaongea haraka mno. Hasira ilikuwepo, tena nyingi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Kasiva alikuwa ameshazika mbuzi wawili kwa kiu.

Mutunga alimwita Mbinya ofisini. Haya hakuwa nayo hata chembe.

"Nasikika mpaka Zombe. Weka cheti kipya leo."

"Na gari la maji, mkubwa?"

"Hiyo si idara yako."

Kweli, haikuwa. Mbinya alipakia cheti, ufunguo wake, na cheti cha kati kinachokidhamini. Lakini mtambo ule una pacha wake, hupokezana kazi, na pacha alibaki na cheti cha zamani. Mchana huo Zombe ilisikia sentensi moja, ikakosa moja. Zile walizokosa watu walijijazia wenyewe, na hawakukosea.

Mbinya alikaa mbele ya pacha, roho ikimuuma. Angeweza kumwacha hivyo hivyo aendelee kusema. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na unga wa mama yake ulitoka kwenye mshahara huo huo. Akanakili cheti kwa pacha, akahifadhi.

Jioni simu ikalia.

"Mbinya, bomba limenyamaza. Ni wewe umelitengeneza?"

"Ni mimi, mwaitu."

"Woi, asante mwanangu! Nimewaambia majirani wote ni wewe. Tumeleta mitungi, tumekaa hapa tunangoja maji."