Majina Kumi Bila Koma

Tangu saa mbili asubuhi karani Nzioka alikuwa akimwita Olow, na Olow haitiki. Aliita mlangoni, akaita uani, akamtuma askari akaite mpaka nyuma ya jiko la kambi. Wafungwa walitazamana tu.

Saynab alikuwa amesimama dirishani pa karani, ametoka kwao Galbet kwa miguu kumchukua kaka yake, Barre. Wiki tano nyuma Barre alitoka kumtafuta ngamia bila kibali, na mwaka ule wa 1966, vita vimepamba moto, kukosa kibali kulitosha kumfanya mtu aitwe shifta, mwasi wa porini. Sasa wakubwa wa Wajir walikuwa wameamua nani aachiliwe. Atakayebaki, saa sita lori lingempeleka jela ya bara.

"Barre hayumo, dada," Nzioka alisema.

"Iko. Soma tena."

Nzioka akasoma. Ujumbe ulikuja kwa redio, na fundi wa Wajir hakujisumbua na koma wala nukta: Waachiliwe Maalim Hared Kerrow Keinan Gurey Kulow Olow Barre Hared Abdille.

"Mimi nimeshawajua nyinyi," akasema, akivimba kidogo. "Mtu ana jina lake, la baba, la babu. Zamani nilikata mawili mawili kama kwetu Kitui, nikawa nawaachilia marehemu. Sasa nakata matatu. Maalim Hared Kerrow, huyo nje. Keinan Gurey Kulow, huyo nje. Olow Barre Hared, simwoni. Na huyu Abdille amebaki peke yake kama yatima."

"Yatima nini? Huyo babu yangu! Na Olow unayemwita tulimzika Bura."

"Basi nikate vipi?"

"Anza mwisho."

Nzioka akaanza mwisho. Barre Hared Abdille akatoka mzima karatasini. Lakini penseli ilipofika mwanzo, Maalim alibaki peke yake.

"Haya, nimrudishe Maalim ndani?"

Maalim, aliyekuwa kivulini nje anakula anjera, chapati laini za Kisomali, alisikia jina lake na neno "ndani". Akainuka na sahani yake, tayari kukimbia.

Askari walicheka. Saynab aliona uso ukimwaka. Kukosea hakukumuuma sana. Kukosea mbele ya wanaume hawa kulimuuma. Akamgeukia Keinan, ambaye hakujua Kiswahili na alikuwa kando ya Maalim akimimina chai bila wasiwasi wowote duniani. Mkono uliokamata birika ulikuwa wa kushoto.

"Gurey si baba ya mtu!" akapiga kelele. "Gurey kwetu ni mtu wa shoto. Akina Keinan wako wengi, huyu tunamwita hivyo. Ni lakabu!"

"Kwa hiyo si matatu?"

"Jina, halafu lakabu kama iko, halafu baba, halafu babu. Kulow baba yake, Olow babu yake. Wewe hesabu watu, usihesabu maneno."

"Leo kila mtu ana maelezo," Nzioka alisema.

Saynab alipenyeza mkono dirishani, akanyakua muhuri wa serikali mezani, akaurusha.

"Keinan!"

Askari alishika bunduki. Birika lilianguka, na muhuri ukatua kwenye kiganja cha kushoto cha Keinan, ukimwachia wino wa zambarau mpaka kifundoni. Nzioka aliutazama mkono ule, akatazama karatasi, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akachora mistari mitatu, na makundi matatu yakakaa bila yatima.

Barre alitoka saa tano, amekonda, ndevu zimevurugika. Saynab alilia kidogo, akajifuta haraka kwa ushungi.

"Aboowe, unanuka," akamwambia kaka yake.

"Na wewe kelele zako zilisikika mpaka ndani."

Hawajafika langoni, Nzioka akamwita Saynab. Ujumbe mwingine ulikuwa umeingia: majina ishirini na saba, mfululizo.

"Nina njaa," Barre alilalamika.

"Kula kwa Maalim. Watu wa karatasi hii nao wana dada."

Nzioka akamtolea kiti, akachonga penseli. Saynab akaketi, akamtaka asome polepole, na kila jina lililomshinda akamgeukia Barre: "Huyu wanamwitaje kisimani?" Barre, mdomo umejaa anjera, akawa anajibu.