Hodi Kwenye Makaburi ya Ukoo

Mshona nguo alitoka nyumbani amejifunga kibwebwe, ugomvi ukiwa tayari mdomoni. Alikuwa amesikia kwamba watu wa mtaani wanalikarabati jengo la makaburi ya ukoo wake bila kumwambia, naye ndiye pekee aliyebaki katika ukoo huo. Kweli, hakuwa amekanyaga pale tangu paa liporomoke. Lakini cha mtu ni cha mtu, hata kikiota magugu.

Aliwakuta nje ya mlango fundi mwashi, kinyozi na mama muuza mkaa, ndoo za chokaa mikononi. Magugu yalikwisha kufyekwa, paa jipya liko juu, ila asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa ameingia ndani.

"Hodi!" fundi aliita kuelekea gizani. Wakangoja.

"Mnamngoja nani?" mshona nguo aliwafokea.

"Shikamoo, shangazi," fundi alisema. "Hii ni nyumba ya watu. Kila asubuhi tunapiga hodi, tunangoja kidogo, halafu tunaingia kwa aibu, maana hatujakaribishwa."

"Na siku tukijibiwa," kinyozi akadakia, "mimi mtanitafuta kwa tochi."

Muuza mkaa akacheka. Mshona nguo hakucheka. Ugomvi wote ulikuwa umemyeyukia kooni. Akapita katikati yao, akaingia, akasimama kati ya makaburi ya wazee wake, akageukia mlango.

"Haya, pigeni tena."

"Hodi!" wakaita wote.

"Karibuni," akajibu, machozi yakimtiririka. "Karibuni ndani, jamani. Wenyewe tupo."